Swali la Kumi na Nne

3 Machi

Siku niliyozaliwa, mkunga alinichapa kofi ili nilie. Mimi nikamrudishia. Mama anasema si kweli, anasema nililia mpaka wodi nzima ikaomba nihamishwe, lakini Mama siku hiyo alikuwa amechoka, hawezi kuwa shahidi. Ninachosema ni kwamba mimi ni askari tangu saa ya kwanza ya maisha yangu, na jeshi limechelewa miaka kumi na tisa kuja kunichukua.

Sasa limekuja. Tangazo limebandikwa ukutani pale ofisi ya wilaya: vijana wenye afya njema, miaka kumi na minane hadi ishirini na mitatu. Mimi na Twiga tumechukua fomu leo. Twiga ni rafiki yangu na mwenzangu kazini. Tunamwita hivyo kwa sababu akisimama mlangoni kichwa kinabaki nje. Tunachomelea mageti na madirisha kwenye karakana ya mjomba wangu, mimi kwa kipaji, yeye kwa bidii.

Daftari hili ni la karakana, la kuandikia vipimo. Kurasa tatu za mwanzo zina madirisha ya mtu ambaye hakurudi tena. Nimeamua kuandika mpaka siku nitakayovaa gwanda, ili nikishakuwa jenerali waandishi wasihangaike kuulizauliza watu. Shule niliiacha mwaka mmoja kabla haijaniacha yenyewe, lakini mwandiko ninao.

4 Machi

Mvua. Tumekimbia mpaka daraja la reli na kurudi. Nimemshinda Twiga.

5 Machi

Twiga anasema hakujua kama yalikuwa mashindano.

7 Machi

Leo tumejaza fomu, juu ya meza ya karakana, tukaweka bati lisilo na kutu chini yake zisichafuke. Maswali ishirini na mawili. Umewahi kuugua kifafa? Pumu? Moyo? Umewahi kuvunjika mfupa? Chini kabisa wameandika: "Nathibitisha kwamba majibu yote ni ya kweli na sijaficha jambo lolote." Halafu unasaini, halafu mdhamini wako anasaini kwamba anakujua na anakubali kuulizwa.

Twiga alijaza kama mtu anayeungama. Swali la tisa, umewahi kulazwa hospitali, akaandika: "Ndiyo. Nilimeza kifungo cha shati nikiwa na miaka mitano. Kilitoka chenyewe."

"Na rangi yake utawaambia?" nikamuuliza.

"Wameuliza rangi?"

"Hawajauliza."

"Basi."

Mimi niliandika Hapana. Hapana, hapana, hapana, mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshika kasi kiasi kwamba hata swali la ishirini na mbili, "Je, unajiunga kwa hiari yako?", nililiandikia Hapana, ikabidi nikate.

Twiga akainua fomu yangu, akaisoma polepole, akaiweka chini. "Swali la kumi na nne umelisoma vizuri?"

"Nimelisoma."

"Haya."

Swali la kumi na nne linasema: "Umewahi kuugua masikio au kupungukiwa na usikivu?"

Kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu mpaka nitakapokuwa jenerali, naweza kusema. Sikio langu la kushoto lilistaafu nikiwa na miaka sita. Liliuma, likatoa usaha, nikalazwa, na lilipopona lilikuwa pambo tu. Mama anajua. Mtu mwingine hajui. La kulia linafanya kazi ya mawili na halijawahi kulalamika. Na kwenye karakana nani atajua? Mle ndani nyundo zinapigwa, na kuna ile mashine ya kukatia vyuma tunayoiita Mlalamishi, ikianza kulia watu wote wanaongea kwa mikono na midomo. Mimi nasoma midomo kuliko wao wanavyosoma magazeti.

Mjomba alisaini udhamini bila kusoma. Alisema miwani iko nyumbani. "Mtoto wa dada yangu, nisome nini?"

9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ikipiga yale mabati ya paa hakuna anayesikia kitu, si mjomba, si mteja, si Twiga. Sote tunakuwa sawa. Naipenda masika kuliko watu wote wa mji huu.

10 Machi

Umeme umekatika. Tumekaa.

12 Machi

Wanataka cheti cha kuzaliwa. Mama akatoa kopo lake la biskuti, lile ambalo halijawahi kuwa na biskuti tangu nipate akili. Vyeti vyote vya nyumba hii vimo humo. Akanipa changu, halafu akabaki ameshika kadi ya hospitali, kuukuu, imekunjwa mara nne.

"Na hii je?"

"Hiyo choma, Mama."

"Nichome?"

"Hawajaiomba."

Mama akaifungua. Ina mwandiko wa daktari na tarehe nyingi, na mwishoni imeandikwa: sikio la kushoto, usikivu umepotea. "Siku arobaini na moja nimekaa kwenye benchi la mbao pale wodini," akasema. "Nilikuwa naamka shingo imepinda, nauliza leo amekula? Leo homa imeshuka? Kisha wewe unaniambia nichome. Utachoma na ile shingo?"

"Mama, jeshi halichukui mtu mwenye sikio moja."

"Basi lisichukue."

Nikamwambia hana uzalendo. Akaniambia nikaoshe sufuria.

15 Machi

Kuna jamaa anauza betri na vifuniko vya simu mbele ya karakana. Mwaka jana alikataliwa jeshini kwa sababu ya miguu bapa, kwa hiyo ni mtaalamu. Ameniambia kila kitu. Unaziba sikio moja kwa kidole, mtu anasimama nyuma yako, ananong'ona tarakimu, unarudia.

Nimegundua dawa. Sikio zima unaliziba kwa kidole cha uongo. Unakiweka mlangoni pa sikio, unakikunja kidogo, hewa inapita na sauti inapita nayo. Nimefanya mazoezi na Twiga, akiwa nyuma yangu, amekunja uso kama mtu aliyeonja sabuni.

"Saba, tatu," akanong'ona.

"Saba, tatu!"

"Wewe ni mjinga."

"Wewe ni mjinga!"

Akacheka mwenyewe, ila akakataa kuendelea. Alisema ana fremu ya dirisha.

18 Machi

Mvua. Kukimbia. Matope hadi kwenye nyusi.

19 Machi

Mjomba amenitukana leo kwa sababu aliniita mara nne sikugeuka. Eti nina kiburi, kichwa changu kigumu kuliko chuma anachonunua. Nikamwambia nilikuwa natafakari. Heri niitwe mwenye kiburi.

24 Machi

Naandika kwa herufi kubwa: NIMEPITA.

Tulikuwa vijana kama mia moja na hamsini katika uwanja wa shule, vifua wazi, mvua ikitunyeshea kama tunaoshwa kabla ya kuuzwa. Kimo, uzito, meno, macho. Kukimbia mizunguko kumi na miwili: Twiga wa tatu, mimi wa tisa, lakini wa tisa kwa mtindo mzuri. Sajenti mmoja mfupi, sauti imemzidi mwili, alinisimamisha.

"Wewe unaringa nini?"

"Siringi, afande. Ndivyo nilivyoumbwa."

"Utaumbuliwa."

Kipimo cha masikio alikifanya msaidizi aliyechoka, ana foleni hadi getini. Kidole cha uongo kikafanya kazi. Nne, tisa. Sita, mbili. Akatia alama mbili bila kuniangalia usoni. Twiga alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nilipotoka nikamkonyeza. Hakunikonyeza.

Tumebaki arobaini. Uchunguzi wa mwisho ni tarehe 28 Aprili, mbele ya daktari wa jeshi mwenyewe.

Jioni nimemweleza Mama nilivyopita. Akasema hongera, akaongeza sukari kwenye chai yangu, hakuuliza kuhusu masikio. Kopo la biskuti liko juu ya kabati. Nimeliona linaniangalia.

27 Machi

Tumeanza geti la shule. Milango miwili ya chuma, kila mmoja unabebwa na watu wanne wakiguna. Mjomba anasema hii ndiyo kazi itakayotutangaza.

30 Machi

Umeme hakuna. Tumesugua vyuma kwa tupa, kwa mikono, siku nzima.

2 Aprili

Leo geti limeanguka. Twiga ameumia mkono. Nitaandika kesho.

3 Aprili

Nieleze ilivyokuwa. Mlango mmoja wa geti ulikuwa umesimamishwa ukutani, umewekewa vipande viwili vya mbao chini usiteleze. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini yake, karibu na mlango wa karakana kwa ajili ya mwanga, nasugua maungio kwa tupa. Twiga alikuwa upande wa pili. Mjomba alikwenda kununua vijiti vya kuchomelea. Sakafu ilikuwa na maji, ubao mmoja ukateleza, geti likaanza kuja. Twiga alipiga kelele, lakini Mlalamishi alikuwa analia, Twiga alimwasha akamwacha anazunguka, na Mlalamishi akilia hata radi haisikiki. Kwa hiyo sikusikia. Yeye akaja akanisukuma. Mimi nikaangukia nje kwenye dimbwi. Geti likaangukia mkono wake wa kulia.

Hospitali wamesema vidole viwili vimepondeka, cha shahada na cha kati. Mjomba alifika akihema, kofia imelowa jasho, akauliza imekuwaje. Mimi nilijibu wa kwanza.

"Mashine, Mjomba. Ilikuwa inazunguka. Hakuna aliyesikia."

Mjomba akamgeukia Twiga aliyelala pale kitandani, mkono umefungwa kama mkate. "Mimi nimewaambia mara ngapi? Mashine haiachwi inazunguka peke yake! Nimewaambia au sijawaambia?"

Twiga akaniangalia. Halafu akasema, "Umetuambia, Mjomba. Nisamehe."

Ndivyo ilivyokuwa.

5 Aprili

Mjomba ameamua kelele zimezidi mle ndani, mtu anaweza kufa hajui. Amemng'oa Mlalamishi kutoka sakafuni, amemhamishia nje, nyuma ya karakana, chini ya turubai. Tulimbeba watu watano. Sasa kila anayetaka kukata chuma anatoka mvuani. Mimi nimekata vyuma sita. Nimelowa mara sita.

6 Aprili

Mvua.

7 Aprili

Mvua. Turubai linavuja.

11 Aprili

Nimekwenda kumwona Twiga kwao. Anaendelea, ila kidole cha shahada hakikunji. Kimenyooka tu kama kinamwonyesha mtu. Daktari amesema huenda kikabaki hivyo hivyo.

"Utafyatulia cha kati," nikamwambia.

"Na hicho nacho hakikunji."

"Utafyatulia pua."

Akacheka. Kisha akasema kwa upole, kama anayezungumza habari za hali ya hewa, "Nimeshapeleka barua ya kujitoa. Waliuliza, nikawaeleza. Hakuna haja ya kuwapotezea muda."

Yeye alikuwa wa tatu kwenye mbio. Mimi wa tisa.

Tulitoka kutembea kidogo, asilale kutwa nzima. Njia ilikuwa nyembamba, maji upande mmoja, na nikaona kitu nilichokiona maisha yangu yote bila kukiona. Twiga alikuwa upande wangu wa kushoto, akanizunguka kwa nyuma, akaja kulia, akakanyaga maji. Kiatu kizima kikaingia dimbwini. Upande wa kushoto kulikuwa kukavu kabisa.

"Kwa nini umekuja huku?" nikamuuliza.

"Huku wapi?"

"Kulia kwangu. Wewe huwa unakaa kulia kwangu siku zote."

Akakung'uta kiatu. "Tangu darasa la tatu. Mwalimu alikuita mara tatu ukiwa umegeukia dirishani, ukachapwa kwa utovu wa nidhamu. Siku ile ndiyo nilijua. Nikahamia dawati la kulia kwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Miaka kumi nilidhani anapenda kivuli.

12 Aprili

Sijalala vizuri. Haya mambo ya kuwaza hayanifai, yanaharibu uso.

14 Aprili

Nimewaza hivi. Kambini tutapanga mstari. Mtu atakuwa kushoto kwangu. Atakuwa ana mama yake, na mama yake ana kopo lake. Mtu huyo akipiga kelele, "Lala chini!", mimi nitakuwa nimesimama kama mnara, namfurahisha adui. Au yeye ndiye atageuka kunisukuma. Na Twiga hatakuwepo wa kuhama upande.

Nimeamua. Tarehe 28 nitamwambia daktari wa jeshi. Nikishaamua nimeamua, mtu asinibembeleze.

(Hakuna aliyenibembeleza. Nilimwambia Mama, akasema, "Vizuri. Umeosha miguu?" Lakini asubuhi nimekuta kadi ya hospitali juu ya shati langu, ameinyoosha kwa pasi.)

17 Aprili

Umeme hakuna. Kazi hakuna. Nimefanya mazoezi ya kusema ukweli mbele ya kipande cha kioo. Ni kazi kuliko kukimbia.

20 Aprili

Ilibidi Mjomba ajue kabla ya jeshi, maana sahihi yake iko pale chini ya uongo wangu. Nilimkuta anakunywa chai juu ya pipa la rangi.

"Mjomba, ile fomu uliyosaini ina jibu la uongo."

"La nani?"

"Langu."

Nikamweleza. Aliweka kikombe chini polepole, ile polepole ambayo watu wote karakanani wanaijua na huanza kutafuta kazi za nje.

"Kwa hiyo mimi, mtu mzima, mwenye karakana, nimesainishwa uongo na mtoto niliyemfundisha kushika nyundo?"

"Ndiyo, Mjomba. Nisamehe."

"Na miaka mitatu nakuita mpaka koo linakauka, nasema mtoto wa dada yangu ana kiburi, kumbe nazungumza na sikio bovu?"

"Ulikuwa unasimama upande usiofaa, Mjomba."

Nilidhani atanirushia kikombe. Akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa kofia. "Miaka mitatu! Nimemwomba Mungu akupunguzie kiburi miaka mitatu, kumbe ningehama tu hatua mbili!" Akanishika bega, la kulia. "Nenda ukawaambie. Wakiniita nitakwenda mwenyewe nikaseme sikusoma. Ujinga wangu nitaubeba, uongo wako utaubeba wewe."

Halafu kicheko kikaisha. Akaniangalia. "Na siku ile ya geti? Ilikuwa hilo sikio?"

"Siku ile ilikuwa mashine, Mjomba."

"Eh. Mashine." Akamaliza chai. "Twiga akirudi asiiguse tena hiyo mashine. Mtu anayesahau kuzima ni hatari."

Nikasema sawa.

21 Aprili

Mvua kubwa. Hakuna la kuandika.

25 Aprili

Twiga amerudi kazini. Anapaka rangi ya kuzuia kutu kwa mkono wa kushoto. Amepaka na viatu vyake. Alipotaka kwenda nje kukata chuma, Mjomba akamwambia, "Wewe hapana." Hakubisha. Ametazama turubai, kisha akarudi kwenye rangi yake.

28 Aprili

Leo naandika mpaka kalamu iishe.

Uchunguzi ulifanyika kwenye darasa, meza ya mwalimu ikawa ya daktari. Ni mwanamke, kapteni, nywele fupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Haongezi neno lisilo na kazi. Sajenti yule mfupi alisimama mlangoni akiita namba.

Nilipoingia niliweka kadi ya hospitali mezani kabla hajafungua faili langu. Nilisema kama nilivyofanyia mazoezi kwenye kioo, ila kwenye kioo sauti yangu ilikuwa nene zaidi.

"Swali la kumi na nne nimekosea, afande."

Akavaa miwani. Akasoma fomu. Akasoma kadi, pande zote mbili, hata ile yenye alama ya pasi. "Umekosea au umedanganya?"

"Nimedanganya, afande."

"Na hapa pameandikwa umepita kipimo cha masikio."

"Niliweka kidole cha uongo." Nikamwonyesha. Sajenti mlangoni akakohoa, nadhani alikuwa anacheka.

"Rafiki zako wangapi wametumia hicho kidole?"

"Hakuna, afande. Nilikigundua mwenyewe." Hata kwenye ukweli niliringa kidogo, sikuweza kujizuia.

Akatoa kifaa cha chuma kama uma wenye meno mawili, akakigonga kwenye goti lake. Nikaisikia sauti yake kwa kulia, safi, kama nondo nyembamba ukiidondosha sakafuni. Akakihamishia kushoto. Kimya. Niliangalia meno yale yanatetemeka na hakuna kitu. Miaka kumi na mitatu najua halisikii, lakini sijawahi kukaa mbele ya mtu nikaangalia halisikii.

Akaandika kwa muda mrefu. "Mwingine angenyamaza," akasema bila kuinua kichwa. "Tungekugundua wiki ya pili, kwenye mazoezi ya shabaha. Au tungegundua vibaya zaidi. Kwa nini umesema?"

"Mtu atasimama kushoto kwangu, afande."

Hapo akainua kichwa. Akaniangalia kwa namna ambayo nilijisikia mrefu, mrefu kuliko Twiga. Kisha akauliza swali lake la mwisho, kalamu mkononi.

"Kuna mtu yeyote amewahi kuumia kwa sababu hukusikia?"

Nje mvua ilikuwa imepungua. Nilisikia matone yanadondoka toka ukingo wa bati, moja, moja.

"Hapana, afande."

Akaandika.

Akaniambia mstari wa mbele sahau. Lakini jeshi lina karakana zake, na pale wanatafuta wachomeleaji. Mwenye sikio moja anapokelewa, mradi wajue mapema wampangie mahali. Atapendekeza jina langu. Nisubiri barua. Nilipotoka sajenti akaninong'oneza, upande wa kulia, ameshajifunza: "Nilikwambia utaumbuliwa." Ila alinipigia saluti ndogo, ya kidole kimoja.

29 Aprili

Mjomba anamsimulia kila mteja. "Mpwa wangu! Mbele ya kapteni! Amesema ukweli wote!" Mteja wa dirisha amenipa mkono. Jamaa wa betri amenipa betri mbili.

2 Mei

Manyunyu.

6 Mei

Jua nusu siku. Ni ajabu jinsi paa linavyokuwa kimya.

12 Mei

Barua imefika. Nimechukuliwa karakana ya jeshi, kuripoti tarehe ya kwanza mwezi ujao. Wameandika wamezingatia "uaminifu wa mhusika". Mama ameisoma mara tatu, ameiweka kwenye kopo la biskuti, ameitoa, ameisoma tena. Alilia kidogo, akasema ni moshi wa jiko. Jiko halijawashwa.

Kuna karatasi ya pili imeambatanishwa. Ni maelezo ya daktari kuhusu sikio langu, nisome, nisaini, nirudishe. Mstari wa mwisho: "Mhusika ameeleza kuwa hakuna mtu aliyewahi kuumia kutokana na upungufu huu." Chini yake kuna mstari mtupu wa sahihi.

Nitasaini kesho.

13 Mei

Kalamu imekauka. Nitasaini kesho.

14 Mei

Jioni, baada ya kazi, nilimwonyesha Twiga barua. Kuringa kidogo tu. Nilisahau karatasi ya pili iko nyuma yake.

Alisoma zote mbili. Kile kidole kilichonyooka kikapita chini ya mistari, polepole, hadi mwisho. Akakunja karatasi vizuri, kwa mkono wa kushoto, akanirudishia.

"Hongera, Jenerali."

Tukaanza kutembea kwenda nyumbani. Njia ilikuwa kavu pande zote. Twiga akaja upande wangu wa kushoto na akabaki huko. Hatua kumi, ishirini, hadi kwenye kona. Njiani alisema kitu. Niliona tu kidevu chake kinasogea, kwa pembe ya jicho. Sikusikia, na sikumwomba arudie.

15 Mei

Mvua zimekwisha. Sijasaini.

16 Mei

Asubuhi. Nimekata ule mstari wa mwisho kwa kalamu mpya, nimeandika pembeni yake Ndiyo, na chini nitaeleza. Nikimaliza hapa naipeleka kwa kapteni mwenyewe, nikitoka kwake naenda kwa Mjomba, na wakiichana ile barua nyingine waichane. Lakini naanza na daftari hili, kwa sababu ndilo nililolidanganya wakati hakuna hata mtu aliyeniuliza.

Tarehe 2 Aprili umeme ulikuwa umekatika. Ulikatika Mjomba alipotoka tu. Ndiyo maana nilikuwa mlangoni kwa ajili ya mwanga, ndiyo maana nilikuwa na tupa mkononi. Hata mvua ilikuwa imepumzika. Ningeisingizia mvua, lakini Mjomba angejua haikunyesha. Twiga hakuwasha chochote. Aliniita kwa jina, mara tatu, sauti yote, kutoka kushoto. Fundi viatu wa jirani alimsikia akiwa ng'ambo ya barabara, akakimbilia kwetu na kiatu cha mtu mkononi. Karakana nzima ilikuwa kimya, na Mlalamishi alikuwa kimya kama alivyo sasa hivi, nje kule chini ya turubai, anaota kutu kwa kosa langu.